Macho Yakishazoea

Kila mwaka mahindi na maharage yanapopata bei nzuri huku Nyamahanga, hakosekani kijana anayepoteza usingizi kwa ajili ya mashine ya gemu. Ameiona Mwanza, au Kahama alikopeleka mzigo, au rafiki yake wa Dar es Salaam amemrushia video kwenye simu. Tangu siku hiyo, ile PlayStation 2 ya kibanda cha jirani aliyokuwa akiicheza, iliyomfundisha majina ya wachezaji wa Inter Milan na Arsenal kabla hajaijua mito yote ya Kagera, haina thamani tena machoni pake. "Babu," ananiambia, "picha yake imechoka. Watu sasa wanacheza HD. Unaona mpaka jasho shingoni mwa mchezaji."

Simkasirikii. Nimeishi vya kutosha kuusikia mjadala huu ukirudi kila baada ya miaka kadhaa. Ulikuja na redio, watu wakabishana kama ile yenye taa nyingi ndiyo inayosikika vizuri. Ukaja na redio kaseti, kijana akauza mbuzi apate ya spika mbili kubwa, halafu akakosa hela ya kanda. Ukaja na televisheni za rangi, kisha flat skrini, na sasa umefika kwenye gemu. Mwanadamu ndivyo alivyo: kinachong'aa humvuta, na hakuna dhambi katika kuvutwa. Mimi nataka tuzungumze kinachofuata baada ya kuvutwa, yaani siku ya hamsini na siku ya mia, pesa ikiwa imeshatoka mfukoni.

Maana macho huzoea, wanangu. Hilo ndilo neno langu lote, mengine ni kulifafanua. Picha nzuri hukushtua siku ya kwanza na kukufurahisha wiki ya kwanza, na mwezi ukiisha huioni tena, ipo tu, nawe unatafuta kinachofuata. Mchezo mzuri una tabia nyingine. Siku ya kwanza unakupa tabu kwa ugeni wake, na kadiri unavyoujua ndivyo unavyozidi kunoga. Anayenunua mashine kwa ajili ya siku ya kwanza hununua picha. Anayenunua kwa ajili ya siku ya mia hununua mchezo.

Tuanze na kibanda chenyewe, kwa sababu wapo watu wazima wanaokipita kila siku bila kukielewa. Ni chumba kimoja, pazia zito la kuzuia mwanga, televisheni ya chogo moja au mbili, benchi, na pedi ambazo vitufe vyake vimefutika alama kwa kubonyezwa. Mechi moja shilingi mia mbili, kwingine mia tatu. Aliyefungwa anapisha, aliyeshinda anabaki. Wanaocheza ni wawili, wanaotazama ni umati, na wanaotazama ndio wenye kelele. Dereva wa bodaboda hukaa bega kwa bega na mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne. Mtoto wa mwalimu hufungwa nne bila na mtoto wa muuza mihogo, na hakuna wa kumtetea. Kwa mia mbili, hiyo ni bidhaa ya bei nafuu kuliko nyingi sokoni.

Na mashine iliyobeba shughuli hiyo yote ni ya zamani kuliko wengi wanaoicheza. Sony waliitoa PlayStation 2 nchini Japani Machi 2000, na mwanzoni mwa 2013 wakatangaza kwamba hawaitengenezi tena. Katika muda huo ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na zaidi ya miaka 20 tangu itoke ilikuwa bado inashika namba moja kwa mauzo kati ya mashine zote za gemu. Kuna jambo moja hapa ambalo vijana hushangaa nikiwaambia. Septemba na Novemba 2013, mwaka uleule PlayStation 4 ilipoingia sokoni, bado kampuni za EA na Konami zilikuwa zinatoa gemu mpya za mpira kwa ajili ya PlayStation 2. Wafanyabiashara wakubwa hawatupi pesa. Walijua kwamba mamilioni ya watu bado wanaishika pedi ile, na kwamba watu hao wakiuliza jambo, huuliza mchezo una nini kipya, hawaulizi picha yake ina nukta ngapi.

Waulize watu wa umri wa makamo kuhusu gemu ya mpira ya PES 6, ile ya mwaka 2006. Hawatakuambia nyasi zilikuwaje. Watakuambia Adriano wa Inter, mguu wa kushoto, shuti linalotoka nje ya kumi na nane na kipa haoni. Watakuambia nani alikatazwa kuichagua Inter kwa sababu ya Adriano, na ugomvi uliozuka. Sura ya Adriano kwenye televisheni ya chogo ilikuwa ya kukisiwa tu, lakini uzito wa lile shuti kila mtu aliusikia kidoleni. Utamu ulikuwa pale, kwenye kidole kinachobonyeza na mpira unaoitika palepale, bila kuchelewa.

Sasa tuiangalie hiyo HD kwa utulivu, maana kitu ukikijua vizuri hakikutishi. Picha ya televisheni ni nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari. Televisheni za chogo tulizozizoea huku zilikuwa na mistari 576 ya picha. Zikaja za HD zenye mistari 720, zikafuata za 1080 ambazo zina nukta zaidi ya milioni 2, na sasa kuna 4K yenye nukta zaidi ya milioni 8. Kila nukta lazima ipakwe rangi upya mara 30 au 60 kila sekunde. Kwa 4K ya mara 60, hesabu inakaribia nukta milioni 500 kwa sekunde moja. Ni kazi ya ajabu, na wahandisi walioiwezesha wanastahili heshima yao. Lakini kazi haifanywi bure. Inataka umeme mwingi, inatoa joto jingi, joto linataka feni, na feni, wanangu, huvuta vumbi. Mnalijua vumbi letu jekundu la Agosti.

Hata wenye viwanda limewaunguza joto hilo. Microsoft walipotoa Xbox 360 mwaka 2005, picha zake zilisifiwa kila mahali, lakini mashine nyingi zikaanza kufa kwa joto na kuwasha taa nyekundu kuzunguka kitufe cha kuwashia. Julai 2007 kampuni ikakubali kuongeza dhamana hadi miaka mitatu, na gharama yake ikapita dola bilioni moja. Kampuni ya namna ile inaweza kulipa bilioni na asubuhi ikafungua duka. Mwenye kibanda wa Nyamahanga mashine ikimfia, anaipakia kwenye basi kwa fundi wa mjini, na wateja wake wanahamia kwa jirani.

Hapo ndipo nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hasara haiji mara moja. Inakuja kijiko kwa kijiko.

Kijana anauza mahindi, anaongeza mkopo wa kikundi, ananunua mashine mpya. Akifika nyumbani anagundua kwamba PlayStation 4 na 5 hazina tundu la ule waya wa rangi tatu unaoingia kwenye televisheni ya chogo, zinataka waya wa HDMI, kwa hiyo lazima anunue flat skrini. Yuko aliyenunua PlayStation 3, ambayo bado inaukubali ule waya wa zamani, akaiunganisha na chogo lake akafurahi kwamba amekwepa gharama. Kumbe televisheni inaonesha mistari yake ileile 576 na zile nukta zote alizozilipia zimeachwa njiani. Amelipia nyama ya kilo mbili, mizani ikampa nusu.

Tuseme flat skrini imepatikana. Umeme unafuata. PlayStation 5 inapofanya kazi kwelikweli hula karibu wati 200, wakati PlayStation 2 ile nyembamba hula robo yake au chini ya hapo. Ni kweli jirani zetu wa Ngara wanayo mitambo ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na tumshukuru Mungu kwa kila nguzo iliyosimikwa vijijini. Hata hivyo Luku inanunuliwa na mwenye kibanda, yeye peke yake. Baada ya umeme ni bando. Gemu za siku hizi hushushwa kwa intaneti, nyingine hupita gigabaiti 50, na hata ukinunua diski bado itadai masasisho. Mwenye kibanda anakaa usiku kucha na simu dirishani akisubiri gemu ishuke, na mtandao wa huku mnaujua ulivyo mvua ikinyesha.

Sasa pesa hizo zote lazima zirudi, na za kuzirudisha zipo sehemu moja tu, mfukoni mwa mtoto anayekuja na mia mbili. Mechi inapanda kuwa mia tano, kisha elfu moja. Wiki ya kwanza kibanda kinafurika, kila mtu anataka kuliona lile jasho shingoni. Wiki ya pili bado. Mwezi wa tatu benchi limebaki na watu wanne wenye uwezo, na wanne hawapigi kelele. Kibanda bila kelele hakina mvuto, hata wale wanne wanaanza kuchoka. Mkopo wa kikundi unasubiri marejesho ya Ijumaa. Mtaji umeliwa, na hakuna aliyeuiba. Nimeshuhudia mambo haya yakienda hivyo hivyo kwa vijana waaminifu, wachapakazi, ambao kosa lao lilikuwa ni kupenda kizuri. Siwacheki. Nasikitika tu kwamba hakuna aliyewapigia hesabu ya mwezi wa tatu.

Mtaniambia, babu, wewe ni mtu wa zamani, dunia inakwenda mbele. Ni kweli inakwenda mbele, na mimi naipenda inavyokwenda. Basi tuitazame hiyo dunia imefanya nini yenyewe.

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy. Kioo chake kilikuwa cha kijani kilichofifia, hakina rangi, kina nukta 160 kwa 144 tu. Mwaka uleule Atari wakaleta Lynx yenye kioo cha rangi kinachowaka, na mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear, nayo ya rangi. Ukiziweka tatu juu ya meza, mtoto wa miaka mitano angekuambia ipi nzuri. Lakini hizo za rangi zilikula betri sita kwa saa chache, tatu au nne au tano, wakati Game Boy ilikaa na betri nne zaidi ya saa kumi. Na Game Boy ilikuwa na Tetris. Ilipokuja kuhesabiwa pamoja na ndugu yake aliyefuata mwenye rangi, Game Boy iliuzwa zaidi ya milioni 118. Aliyeisimamia ni mhandisi Gunpei Yokoi, ambaye imani yake ilikuwa kwamba kifaa cha kawaida, kilichokwisha zoeleka na kushuka bei, kinaweza kuzaa jambo jipya kikishikwa na mtu mwenye mawazo. Angekuja kwenye gulio letu angeelewana vizuri sana na mafundi wanaotengeneza koroboi kwa makopo.

Na hiyo Tetris yenyewe je? Aliitunga Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, kwenye kompyuta ya Elektronika 60 isiyokuwa na uwezo wa kuchora picha. Yale matofali yanayoshuka aliyaunda kwa alama za mabano, zile tunazoziweka kwenye maandishi. Mabano tu! Na watu wakakosa usingizi.

Nenda 2006. Sony wakatoa PlayStation 3, mashine ya HD hasa, kwa dola 499 na 599 nchini Marekani. Nintendo wakatoa Wii kwa dola 250, ambayo haikuwa na HD hata chembe. Ilichokuwa nacho ni pedi unayoipunga hewani kama raketi. Wazee wakasimama sebuleni wakacheza tenisi na wajukuu zao. Wii ilimaliza na mauzo ya zaidi ya milioni 100, PlayStation 3 ikaishia karibu milioni 87, na miaka ya mwanzo Sony walipata hasara kubwa kwa kila mashine iliyotoka dukani. Baadaye ikaja Minecraft, ambayo dunia yake nzima ni masanduku ya mraba, hata ng'ombe ni wa mraba, na kufikia 2023 nakala zake zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 300. Mtoto anaingia humo anachimba, anajenga, analima, anaalika wenzake. Hana haja ya kuliona jasho la mtu.

Kuna kisa kimoja nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado alitengeneza Space Invaders, viumbe wa angani wanaoshuka nawe unawapiga risasi. Mashine yake ilikuwa dhaifu, ikichora viumbe wengi inakwenda polepole. Kila ulipowaua, kazi ya kuchora ikapungua, nao waliobaki wakaanza kukimbia. Angeweza kuona huo ni upungufu akauficha. Aliuacha, na ule mwendo unaozidi kasi kadiri unavyokaribia kushinda ndio uliowatoa watu jasho la kweli. Unyonge wa mashine ukawa ndio chumvi ya mchezo.

Na sisi wenyewe hatuhitaji kwenda Japani kujifunza. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku bara tulisubiri hadi 1994 vituo vya kwanza vilipofunguliwa. Kabla ya hapo, Simba na Yanga tulizicheza kwa masikio. Watu kumi na tano kuizunguka redio moja ya Radio Tanzania, betri zimeanikwa juani mchana ili zidumu jioni, na mtangazaji akisema mpira uko winga ya kulia, kila kichwa kinageuka kulia. Nukta sifuri. Wapo waliozimia. Kisha zikaja kumbi za video, kanda zilizonakiliwa mpaka sura zinacheza kama ziko chini ya maji, na juu yake sauti ya Lufufu wa Dar es Salaam akizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, anatia mbwembwe, anampa jambazi tabia ya mtu wa mtaani kwetu. Watu walilipa kumsikia Lufufu. Picha mbovu waliisamehe, kwa sababu hadithi ilikuwa imeiva.

Lakini haki itendeke. Picha si upuuzi, na anayesema haina kazi naye anapotosha. Kwenye televisheni ndogo ya chogo, timu mbili zenye jezi za rangi zinazokaribiana ni mateso, na pasi ndefu ya kuvuka uwanja unaipiga kwa kubahatisha kwa kuwa winga wako haonekani. Flat skrini inakuonesha uwanja mpana zaidi. Kwenye gemu za magari, kuiona kona mapema ni sehemu ya uchezaji wenyewe. Mtu mwenye macho mabovu anahitaji maandishi yanayosomeka. Hapo picha inautumikia mchezo, na mtumishi mwema hulipwa mshahara wake.

Tena tutofautishe nukta na uchoraji. Nukta ni wingi, uchoraji ni akili na mkono wa msanii. Nintendo walipoonesha kwa mara ya kwanza mwaka 2001 sura ya mchezo wao wa The Legend of Zelda: The Wind Waker, wapenzi wengi walikasirika, wakasema ni katuni ya watoto, wao wanataka sura zinazofanana na watu halisi. Miaka imepita. Gemu nyingi za wakati ule zilizojitahidi kufanana na watu halisi leo zinatazamwa kwa huruma, na ile bahari ya katuni bado inapendeza, mawimbi yake na moshi wake uliochorwa kwa mistari michache. Nukta huzeeka kila mara kiwanda kinapoleta nyingi zaidi. Mkono wa msanii hauzeeki upesi namna hiyo.

Na mbio za kufukuzia nukta zinawaumiza hata wanaotengeneza. Mwaka 2023 nyaraka za mahakamani nchini Marekani zilifichua kwamba mchezo mmoja wa Sony, The Last of Us Part II, uligharimu kama dola milioni 220. Ni mchezo mzuri, waliouona wanausifu. Lakini fikirini: mwenye sufuria la thamani hiyo jikoni atathubutu kujaribu kiungo kipya? Ataogopa. Atapika kile alichopika mwaka jana, ataongeza mapambo juu, na atakuuzia kwa bei ya juu zaidi. Ndiyo maana mnalalamika kwamba mpira wa mwaka huu ni uleule wa mwaka jana wenye nyasi mpya. Mnalalamikia kitu mlichokiagiza wenyewe kila mlipouliza kwanza habari za picha.

Nitawapa mfano mmoja wa nyumbani, kisha niwaache. Bao mnalijua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, ananamua mpaka za mkononi ziishe, ndipo mtaji unaanza. Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, mashimo ni hayohayo na kete ni hizohizo 64, ila sheria zinatofautiana. Yapo mabao yaliyochongwa kwa mti mzuri, yamenakshiwa pembeni, yamepakwa mafuta mpaka yanang'aa, na fundi aliyeyachonga amefanya kazi ya heshima. Yapo pia mabao ya mashimo yaliyochimbwa chini kwenye vumbi na mtoto mchunga mbuzi, kete zake ni mbegu au kokoto. Bingwa mweke kwenye lolote kati ya hayo, atakushinda vilevile, na wewe utaumia vilevile. Ubao wa nakshi unaongeza furaha ya kukaa mbele yake. Haukupi hata shimo moja la ziada. Ndiyo maana mchezo huu umevuka mito na mipaka na karne, ukapita kwa matajiri na maskini, na hakuna aliyewahi kuambiwa asicheze kwa sababu hana ubao mzuri.

Basi mashauri yangu ni haya. Wewe mwenye kibanda, kabla hujakopa, hesabu benchi lako. Kama limejaa kwa mechi ya mia mbili, huna tatizo la picha. Una tatizo la pedi zilizochoka, lenzi inayotaka kusafishwa, na joto la chumba. Yatengeneze hayo kwanza, ni fedha kidogo na wateja watayaona siku hiyohiyo. Ukipata faida ya kweli, si ya mkopo, nunua mashine mpya moja, uiweke kona moja kwa bei yake, na ile ya zamani iendelee kwa mia mbili yake. Usiwafukuze watoto wa mia mbili. Ndio wenye kelele, na kelele ndiyo inayowaita wenye elfu moja.

Wewe mzazi, mtoto akikuomba mashine, usimkatalie kwa ukali wala usimkubalie kwa aibu ya kuonekana huna. Mwambie akuoneshe mchezo anaoutaka, ukae naye, ushike pedi mwenyewe. Ukiona baada ya nusu saa bado mnabishana na kucheka, hapo kuna kitu. Ukiona mnatazama tu mandhari, mmeenda sinema, na sinema kuna njia nafuu zaidi ya kuiona. Uliza pia wangapi wanaweza kucheza pamoja kwenye mashine moja, kwa sababu nyumba zetu zina watoto wengi, na mchezo wa mtu mmoja huzaa ugomvi wa watu watano.

Na wewe kijana unayejifunza kompyuta, unayeota kutengeneza gemu yako siku moja, usisubiri mashine yenye nguvu. Pajitnov alikuwa na mabano. Anza na simu hiyo uliyonayo na wazo moja linalomfanya mwenzako aseme, "Hebu nipe tena." Neno hilo "tena" likisemwa mara nyingi, wa kukusaidia kuchora atapatikana. Lisiposemwa, hata ukichorewa na wachoraji mia, halitasemwa.

Kama umeshanunua, na najua wapo mliokwisha nunua, usijilaumu na wala usiuze kwa hasara kwa sababu ya maneno yangu. Sote huvutwa na kinachong'aa. Shusha bei ya mechi mpaka mtoto wa kawaida aweze kuingia, weka mpira wa watu wawili badala ya hadithi ya mtu mmoja, kubali marejesho ya deni yachukue muda mrefu zaidi, na nenda ukawaeleze wenzako wa kikundi mapema kabla hawajaja kukuuliza. Siku deni likiisha, mashine itakuwa yako, macho yatakuwa yameshazoea, na ndipo utakapojua kwa hakika kama ulinunua mchezo.